Andikeni Mnachofanya: Neno kwa Viongozi wa Timu Zetu za Watu Wazima

Hotuba hii niliitoa Jumamosi moja ya Februari hapa Des Moines, Iowa, mbele ya viongozi wa timu za soka za watu wazima wanaozungumza Kiswahili: Watanzania, Wakenya, Wakongomani na Warundi. Nimeiandika kama nilivyoisema, isipokuwa salamu ndefu za mwanzo.

Ndugu viongozi, shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo. Asanteni kwa kuja na barafu hii barabarani. Nimepewa nusu saa kuzungumzia msamaha wa kodi kwa timu zetu. Mimi si mwanasheria, wala sina cheti cha uhasibu. Ni mweka hazina wa timu, na haya nitakayosema yamenipata.

Nitaanza na bahasha. Ilitumwa na IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, kwenye nyumba aliyokuwa akiishi ndugu yetu aliyeshika hazina kabla yangu. Yeye alikuwa ameshahamia jimbo lingine kufuata kazi. Mpangaji mpya, Mungu ambariki, hakuitupa. Aliiweka juu ya friji pamoja na barua nyingine za watu asiowajua, ikakaa huko miezi, mpaka siku mchezaji wetu mmoja alipokwenda kumfungia kitanda, akaona jina la timu yake juu ya bahasha. Akaniletea mazoezini. Niliifungua nikiwa nimesimama pembeni ya uwanja, glavu moja mkononi, nyingine mdomoni. Pembeni ya karatasi kulikuwa na herufi CP120A. Barua ilisema timu yetu haina tena msamaha wa kodi, kwa sababu kwa miaka 3 mfululizo haikuwasilisha taarifa yake ya mwaka.

Hakuna aliyeiba. Nataka hilo lieleweke, maana kwetu fedha ya chama ikitajwa tu, macho yote humgeukia mweka hazina. Daftari letu lilikuwa safi mpaka senti ya mwisho. Kilichokosekana ni fomu inayoitwa 990-N, ambayo wenyewe wameipa jina la kadi ya posta. Inajazwa mtandaoni, haina malipo, na inakuuliza mambo machache: jina la chama, anwani, namba ya EIN (namba ya utambulisho ya chama kwa mtu wa kodi), jina la kiongozi mmoja, na uthibitisho kwamba mapato yenu ya kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka. Ukiwa na namba zako mkononi, chai haipoi kabla hujamaliza. Sisi hatukuijaza miaka 3, kwa sababu kila mmoja alidhani kwamba chama kidogo kisicho na faida hakina cha kumwambia mtu wa kodi.

Hatukuwa peke yetu. Kanuni hiyo ya miaka 3 iliwekwa na Bunge la Marekani mwaka 2006, ndani ya sheria kubwa iliyohusu pensheni. Orodha ya kwanza ya waliopoteza msamaha ilipotoka Juni 2011, ilikuwa na taasisi zipatazo 275,000. Humo mlikuwa na vyama vilivyokufa zamani, lakini pia mlikuwa na vyama vilivyo hai kabisa ambavyo mweka hazina wake alihama nyumba tu.

Sasa, kupoteza msamaha kwa sababu ya kadi ya posta kuna dawa. Chama kidogo kilichopoteza kwa mara ya kwanza kikiomba upya ndani ya miezi 15 kinaweza kurudishiwa hadhi yake tangu siku ilipofutwa. Sisi tulikuwa bado tumo ndani ya muda. Nikachukua fomu, nikakaa mezani usiku baada ya zamu, nikafika kwenye swali linalotaka kujua timu yenu inafanya nini hasa. Nikafungua daftari la ratiba la msimu uliopita ili nijibu kwa ukweli. Nikahesabu. Mechi na mazoezi ya watu wazima: Jumapili 24. Mafunzo kwa watoto: Jumamosi 3, na moja kati ya hizo ilikatizwa na mvua.

Ndugu zangu, kalamu ilinikwama. Maana katiba yetu, ukurasa wa kwanza, imeandikwa kwamba lengo letu ni kulea vijana kwa njia ya michezo. Tuliyaandika maneno hayo kwa moyo mweupe. Lakini daftari lilisema jambo jingine, na sheria ya hapa inasoma daftari.

Kabla sijafika huko, niondoe mkanganyiko mmoja unaotusumbua sana. Nyumbani Tanzania, ukitaka timu yenu itambuliwe, mnakwenda kwa Msajili wa vyama vya michezo chini ya Baraza la Michezo la Taifa, mnapeleka katiba, mnapata cheti, mnakitundika ukutani. Mtu aliyekulia huko akifika hapa, akaandikisha timu jimboni kama shirika lisilo la faida, akapewa karatasi yenye muhuri, anaona kazi imeisha. Haijaisha. Karatasi ya jimbo inasema mpo. Namba ya EIN, ambayo IRS inaitoa bure, inawatambulisha benki na kwenye kodi, kama kitambulisho cha mtu. Msamaha wa kodi ya mapato ni jambo la tatu, na unatoka serikali kuu. Nimeshakutana na timu mbili zinazoandika kwenye vipeperushi vyake kwamba mchango wako utapunguziwa kodi, na zilicho nacho ni karatasi ya jimbo na EIN peke yake. Naomba vipeperushi hivyo viondolewe leo. Mnamwahidi mtu kitu ambacho si chenu kutoa.

Haya, turudi kwenye msamaha wenyewe. Kifungu kikuu cha Sheria ya Kodi ni cha 501, na kina milango mingi. Timu nyingi zetu zinakimbilia mlango mmoja, 501(c)(3), kwa sababu ndio unaomruhusu mfadhili apunguze mchango wake kwenye mapato yanayotozwa kodi. Mlango huo ni wa hisani, dini, elimu na mfano wa hayo. Mwaka 1976 Bunge liliongeza humo maneno ya michezo: kukuza mashindano ya ridhaa ya kitaifa au kimataifa, kwa sharti kwamba chama kisitoe viwanja wala vifaa. Ilikuwa miaka ambayo Marekani ilijiona inazidiwa kwenye Olimpiki. Rais Ford alikuwa ameunda tume ya kuchunguza michezo ya Olimpiki mwaka 1975, na mwaka 1978 ikaja sheria nzima ya michezo ya ridhaa. Mwaka 1982 kikaongezwa kifungu 501(j), kinachoruhusu vyama vya aina hiyo kutoa viwanja na vifaa, hata kama wanachama wake ni wa eneo moja tu.

Hapo ndipo timu yangu ilipojikwaa, na naona baadhi yenu mnatikisa vichwa. Mtangulizi wangu alitumia fomu fupi, 1023-EZ, ambayo ada yake ni dola 275. Ina visanduku vya kutia alama. Akaona kisanduku cha mashindano ya ridhaa ya kitaifa au kimataifa. Akasema: sisi tuna wachezaji kutoka nchi 5, tusipokuwa wa kimataifa sisi, nani tena? Akatia alama. Namwelewa kabisa. Lakini sheria haihesabu pasipoti za wachezaji. Inauliza kama kazi yenu ya msingi ni kuendesha mashindano ya ngazi hiyo, au kumkuza mchezaji afike kwenye mashindano ya ngazi hiyo. Sisi tulikuwa baba wa watoto watatu watatu, tunacheza Jumapili jioni kwenye ligi ya wilaya, kipa wetu ana miaka 44. Hakuna tuliyekuwa tunamwandaa kwa Olimpiki. Na fomu ile, fupi hivyo hivyo, mwisho wake unatia sahihi chini ya kiapo.

Basi kama si mashindano ya kimataifa, je, soka la watu wazima lenyewe haliwezi kuwa hisani? Swali hili limeshafika mahakamani, na kesi mbili nimezisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma mkataba wangu wa nyumba.

Ya kwanza inatoka Hutchinson, Kansas, ukishapita Missouri kutoka hapa. Kulikuwa na chama cha besiboli chenye timu ya watu wazima wa ridhaa. IRS iliwanyima 501(c)(3), wakaenda Mahakama ya Kodi, wakashinda mwaka 1979, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nao mwaka 1982. Kwa nini walishinda? Kwa sababu timu ya watu wazima haikuwa peke yake. Chama kilikodi na kutunza uwanja, uwanja huo ukatumiwa na ligi za watoto, na timu za vijana, na chuo cha jirani. Kulikuwa na makocha na wakufunzi kwa ajili ya watoto, kulikuwa na kambi ya mafunzo. Ukiondoa timu ya watu wazima, kazi ilibaki, na mtu yeyote angeiona kwa macho.

Ya pili ni ya chama kilichoitwa Wayne Baseball, iliyoamuliwa mwaka 1999. Nacho kilikuwa na timu ya watu wazima wa ridhaa, tena wachezaji wenye kiwango kizuri. Kiliitegemea kesi ile ya Hutchinson. Mahakama ikalinganisha, ikaona hapa sehemu kubwa ya shughuli ni burudani na ushirika wa wachezaji wenyewe. Kikanyimwa. Hakuna aliyewaambia ni watu wabaya, wala kwamba mchezo wao hauna faida. Waliambiwa kwamba wanaonufaika zaidi ni wao wenyewe.

Kuna neno la Mahakama ya Juu ya Marekani la mwaka 1945 ambalo hukumu zote hizi zinalirudia: kusudi moja tu lisilo la hisani, likiwa na uzito, linatosha kuharibu msamaha, hata kama makusudi mengine yote ni mema. Nililisoma nikakumbuka mchele wa nyumbani. Mama hakuwa akiuliza punje nzuri ni ngapi. Alikuwa anapepeta atafute jiwe.

Daftari langu lilikuwa na mawe 24.

Mzee mmoja wa timu aliniambia, mwanangu, kwani kuwakusanya vijana wa kiume Jumapili wasiende kulewa, si hisani hiyo? Wakimbizi waliokuja hapa hawajui mtu, wakapata timu, wakapata kazi kupitia timu, wakapata nyumba. Na ninakubaliana naye kwa moyo wangu wote. Mimi mwenyewe kazi yangu ya kwanza hapa niliipata nikiwa nimevaa njumu. Lakini angalieni alichokitaja: kazi, nyumba, lugha, karatasi. Kama hayo ndiyo mnayofanya, yafanyeni kwa mpango, kwa yeyote anayehitaji, awe anajua kupiga mpira au hajui, na yaandikeni. Huo ni msaada, na sheria inautambua. Kama yanatokea tu kwa sababu tumekaa pamoja baada ya mechi, ni baraka ya urafiki, na urafiki una mlango wake.

Mlango huo ni 501(c)(7), wa vilabu vya burudani. Naona nyuso zinashuka. Watu wanaona ni daraja la pili kwa sababu mfadhili hapunguziwi kitu. Nataka niutetee, maana ndio mlango wa haki kwa wengi wetu tuliomo humu. Ada ya mwanachama inayoendesha klabu haitozwi kodi ya mapato. Si lazima hata kuomba: klabu iliyokidhi masharti inaweza kuishi kama klabu na kuwasilisha taarifa yake ya mwaka. Ukitaka barua rasmi ya IRS, kuna fomu 1024, ada yake dola 600. Masharti yake yanaeleweka. Klabu iwe ya wanachama kweli, ziada isigawanywe kwa mtu, na katiba isibague kwa rangi, mbari wala dini. Hilo la dini naomba mliangalie, maana nimeona katiba moja hapa mjini iliyonakiliwa kutoka kwenye chama cha kidini bila kubadilisha kifungu cha uanachama.

Sharti linalohitaji kikokotoo ni hili: fedha kutoka nje ya wanachama, pamoja na riba ya benki, zisizidi asilimia 35 ya mapato yote, na ndani ya hizo, zile za kuwauzia au kuwahudumia watu wa nje zisizidi asilimia 15. Tufanye hesabu ya timu ya kawaida. Wachezaji 22, kila mmoja ada ya dola 150 kwa msimu, inakuwa 3,300. Mkafanya bonanza, mkauza nyama choma na soda kwa watu wa nje, mkapata 1,500. Jumla 4,800. Asilimia 35 ya hiyo ni 1,680, hapo mko ndani, lakini asilimia 15 ni 720 tu, na mauzo yenu yameupita ukuta huo. Na ile 1,500 ya nje haifunikwi na msamaha: mnatoa gharama zake, mnaacha dola 1,000, kinachobaki kinatozwa kodi ya makampuni, asilimia 21. Kwa bonanza la kiasi hicho, mkishalipia mbuzi na mkaa, mara nyingi hakibaki kitu cha kutozwa. Bado mnajaza fomu, 990-T, kama mauzo yamefika dola 1,000.

Na mwenye duka anayewanunulia jezi? Kila mwaka ananiuliza swali lile lile, je, hizi dola 500 nitazikata kwenye kodi? Kwa klabu, hawezi kuzikata kama mchango wa hisani. Lakini jina la duka lake liko kifuani mwa watu 22 kila Jumapili, mbele ya wateja wake wale wale wanaonunua unga wa muhogo na dagaa. Hilo ni tangazo la biashara, na gharama halali ya tangazo anaweza kuiweka kwenye gharama za biashara yake. Aongee na anayemtengenezea kodi. Mpeni risiti inayosema ukweli: udhamini wa jezi, jina la duka, tarehe, kiasi. Msimwandikie neno mchango wa hisani kwa kutaka kumfurahisha.

Sasa niseme jambo gumu, la misiba. Tunafahamu sisi ni watu wa kufa na kuzikana. Mchezaji akifiwa, simu zinaita, na kabla ya saa sita usiku zimepatikana dola 3,000 za tiketi au za kusafirisha mwili. Timu ndiyo inayokusanya, kwa sababu timu ndiyo yenye orodha ya namba. Sitaki hata mmoja wetu aache. Ninachoomba ni fedha hizo zisipite kwenye akaunti ya timu, hasa kama timu hiyo ina 501(c)(3). Mchango uliokusanywa kwa jina la mtu mmoja ni zawadi kwa mtu huyo. Hauwezi kupunguzwa kwenye kodi, na ukipita kwenye vitabu vya hisani mara tatu nne kwa mwaka, kila mara kwa familia ya mwanachama, vitabu vinaanza kuonekana kama bima ya wanachama. Mtu akimpa mwenzake rambirambi mkono kwa mkono, mpokeaji hadaiwi kodi ya mapato kwa ajili yake. Teueni wazee wawili wa msiba, wafungue akaunti yao, watu watume huko. Tulivyofanya hivyo kwetu, hata manung'uniko yalipungua, kwa sababu fedha ya jezi na fedha ya jeneza hazikuonana tena.

Kwa kuwa tumetaja simu: acheni kupokea ada kwenye programu ya malipo yenye jina la mtu binafsi. Mweka hazina wenu anaonekana mbele ya sheria kama anajipokelea kipato. Siku akiulizwa, atajitetea peke yake. Akaunti ya benki ifunguliwe kwa EIN ya timu, sahihi mbili.

Na lile la kumkodi mshambuliaji kutoka Omaha aje acheze fainali kwa dola 200. Najua linafanyika. Ukishamlipa, si ridhaa tena, ni kazi, na lina masharti yake ya kodi. Tuliache.

Sasa watoto. Najua wengine mlikuja kusikia jinsi ya kupata 501(c)(3) kwa kuongeza neno vijana kwenye katiba. Nawaomba msifanye hivyo. Lakini pia nawaomba sana msiwaache watoto. Huku nje ya mlango wa ghorofa ninayoishi kuna watoto wanaopiga chupa ya plastiki ukutani mpaka giza liingie, kwa sababu klabu za kulipia hapa zinataka fedha ambazo mzazi wa watoto wanne anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama hana. Nilikulia soka la mchangani. Hakuna aliyenilipisha kiingilio kugusa mpira. Wenzangu wa timu ni makocha ambao hawajajua kama ni makocha.

Sheria ya hapa iko wazi kwa kazi hiyo. IRS yenyewe ilishatamka mwaka 1965 kwamba chama kinachowafundisha watoto mchezo kinastahili, na mwaka 1980 kwamba chama kinachokuza mchezo kwa walio chini ya miaka 18 kwa kuwaandalia mashindano kinastahili. Wala haikuulizwa kama watoto hao watafika Olimpiki. Mtoto akifundishwa, ni elimu.

Kwetu tuliamua hivi, na ilituchukua vikao vinne vyenye makelele. Tuliachana na kuomba kurudishiwa hadhi ya zamani, kwa sababu tungekuwa tunaapa kwa jambo ambalo si kweli. Salio la akaunti ya zamani, pamoja na magoli mawili ya kukunja, tulilikabidhi kwa shirika la hisani la mtaani linalogawa chakula, maana mali iliyokusanywa kwa jina la hisani lazima ibaki kwenye hisani. Kwa muda ule tuliokuwa hatuna msamaha, tulijaza taarifa ya kodi kama kampuni yoyote, na kwa kuwa gharama zilizidi mapato hatukulipa kitu. Timu ya watu wazima ikawa klabu, (c)(7), bila aibu. Kisha wachache wetu, pamoja na kina mama wawili ambao watoto wao wanacheza, tukaanzisha chama cha pili cha watoto: bodi yake, EIN yake, akaunti yake. Makocha wote walichunguzwa rekodi zao za polisi kabla hawajapewa filimbi. Hatukuomba chochote IRS mwaka wa kwanza. Tulifundisha kwanza. Msimu ulipokwisha nikafungua daftari: Jumamosi 21, watoto 38, na hakuna mzazi aliyelipishwa. Ndipo tukajaza fomu ndefu, 1023, ya dola 600. Pale kwenye swali lililokuwa limenikwamisha kalamu, safari hii niliandika ukurasa mzima na nikaambatanisha ratiba. Sheria inatoa miezi 27 tangu chama kinapoanzishwa, na ukiomba ndani ya muda huo, msamaha unahesabiwa tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo kusubiri mwaka mmoja hakukutupotezea kitu.

Timu ndogo sana zijue pia hili: chama cha hisani ambacho mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 5,000 kwa mwaka hakilazimiki kuomba barua. Kadi ya posta ya kila mwaka bado inakihusu.

Mfadhili wa chama cha watoto akitoa dola 250 au zaidi, mwandikieni barua yenye kiasi na maneno yanayosema kama alipewa kitu au hakupewa. Akinunua tiketi ya chakula cha jioni kwa dola 100 akala cha dola 40, mchango wake ni 60. Mwambieni hivyo wazi kwenye risiti. Watu wetu wanaheshimu risiti iliyonyooka.

Ninamalizia na mambo ya kufanya kabla uwanja haujayeyuka. Mkibadilisha anwani au kiongozi anayewajibika, pelekeni fomu 8822-B, ili bahasha yenu isiishie juu ya friji ya mtu. Fungueni barua pepe ya timu ambayo watu wawili wana neno lake la siri. Kwa wale ambao mwaka wao wa hesabu unaisha Desemba, kadi ya posta mwisho wake ni tarehe 15 Mei, msimu ukiwa umepamba moto na hakuna anayekumbuka karatasi. Mimi naijaza Januari, siku ya kwanza ninayopata mapumziko.

Na leo, kabla hatujala, kila timu ichukue karatasi moja pale kwenye meza ya chai. Upande mmoja andikeni siku zote mlizokuwa uwanjani msimu uliopita kwa ajili yenu wenyewe. Upande wa pili, siku zote mlizokuwa uwanjani kwa ajili ya mtu asiye mwanachama. Msizidishe, msipunguze. Nitapita kila meza, tutazisoma pamoja na tutajua kila timu ni mlango gani. Kalamu zipo, na kama wino umeganda kwa baridi, zipasheni kwanza mkononi.